Kidonge kidogo cha Babu kina mwenyewe

 Mwezi huu tunaandika juu ya aspirini, maana maneno yamekuwa mengi bombani na kwenye foleni ya chakula. Huyu anasema inasafisha damu. Yule anasema inakausha damu. Mwingine kasikia kwamba ni kinga ya kiharusi, kwa hiyo kila aliyevuka miaka hamsini ameze tu. Sisi si madaktari. Ila tunaye mzee nyumbani anayeimeza tangu mwaka 2018, tumemwuguza nayo Quiterajo, tumesafiri nayo baharini, tuko nayo hapa kambini, na tumeuliza maswali hadi manesi wametuchoka.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndo watu wanapopotea. Kwenye karatasi za hospitali zetu imeandikwa AAS. Ni aspirini ile ile. Kidonge kikubwa, cha miligramu 300 au 500, ni cha maumivu na homa, na kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza aspirini mwaka 1899. Babu yetu alikijua akiwa kijana huko Rutamba, mkoa wa Lindi, wakati familia nyingi za Cabo Delgado zilipokuwa wakimbizi Tanzania katika miaka ya vita vya ukombozi. Kwake yeye aspirini ni dawa ya kichwa mpaka kesho. Lakini kidonge kidogo, cha miligramu 75 hadi 100, hakitulizi kichwa wala goti. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Ndani ya damu mna chembe ndogo sana ambazo wataalamu wanaziita chembe sahani. Ukipaa samaki kisu kikakukata, chembe hizo ndo zinazokimbilia pale, zinashikana, zinaziba, kama fundi anavyokalafati jahazi kwa pamba. Bila hizo tungekufa kwa mkwaruzo tu. Sasa mshipa wa mtu ambao umechakaa kwa presha, kwa sukari au kwa tumbaku, hupata ufa kwa ndani. Chembe sahani zikiuona ufa zinadhani ni jeraha. Zinakalafati humo humo ndani, na njia ya damu inazibika. Ikizibika kwenye moyo, kifua kinabana na moyo unaharibika. Ikizibika kichwani ni kiharusi, ambacho hospitali wanakiita AVC na wengi wetu tunasema trombozi.

Aspirini inazinyima chembe hizo uwezo wa kuitana. Mwingereza John Vane alieleza mwaka 1971 jinsi aspirini inavyofanya kazi mwilini, na mwaka 1982 akapewa tuzo ya Nobel. Chembe ikishaguswa na aspirini haiponi tena. Inaishi siku zake saba hadi kumi, inakufa, na mwili unatengeneza nyingine mpya. Ndo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Na ndo maana ukiacha leo, baada ya wiki moja hivi huna kinga tena. Jambo hili mlikumbuke, tutalirudia.

Babu alipatwa mwaka 2018, wakati vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilikuwa bado vinazunguka vijijini. Aliamka alfajiri kwenda kuswali, mkono wa kushoto ukakataa, mdomo ukapinda. Majirani walikuja na ushauri wao, kila mtu na wake. Mmoja alikuja na aspirini mbili mkononi, za maji ya haraka haraka. Bibi akamzuia. Si kwa elimu, ni kwa sababu Babu alikuwa hawezi hata kumeza mate yake. Baadaye tuliambiwa kwamba Bibi alifanya sawasawa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kupaliwa: mtu wa kiharusi asipewe chakula wala maji wala kidonge mpaka mhudumu aone kama anameza. Ya pili ni kubwa zaidi.

Kiharusi kiko cha namna mbili. Kuna cha mshipa kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka damu ikavujia kichwani. Kwa nje vinafanana. Mkono ni ule ule, mdomo ni ule ule. Cha kuziba kinataka aspirini. Cha kupasuka, ukimpa aspirini unaizuia damu kuganda mahali pale pale ambapo unaomba igande. Kinachotenganisha ni picha ya kichwa ya mashine kubwa, na mashine hiyo haipo vijijini kwetu. Na msidhani cha kupasuka ni nadra. Madaktari wa Maputo waliandika wagonjwa wa kiharusi wa jiji lao kwa mwaka mzima, kuanzia Agosti 2005 hadi Julai 2006, na karibu 4 katika kila 10 walikuwa na kile cha kuvuja damu. Ulaya huwa ni kama mmoja au mmoja na nusu katika kumi. Kwa hiyo ushauri wa kitabu cha Wazungu, tena uliosikika nusu nusu, unaweza kumwua mzee wa Kimwani.

Mdomo ukipinda, basi, mlaze mtu kwa ubavu, tazama saa ilianza saa ngapi, tafuta usafiri. Aspirini ikae kwenye mkebe.

Babu alipigwa picha hiyo baada ya safari ndefu hadi mjini. Ikaonekana mshipa umeziba, haukupasuka. Akarudi Quiterajo na dawa mbili za presha na AAS moja ndogo, kila siku, maisha yake yote. Tuliuliza faida yake ni nini hasa. Mwaka 2009 watafiti walijumlisha majaribio mengi ya watu ambao walikwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba. Katika watu 1,000 wasiotumia aspirini, kama 82 walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha mishipa ndani ya mwaka. Waliotumia, kama 67. Yaani watu kumi na tano wameokoka kwenye mtumbwi wa watu elfu. Si muujiza, lakini sisi ambao tumehesabu watu kwenye boti tunajua kumi na tano ni wangapi.

Hapa tuseme jambo ambalo linatuudhi. Kuna wazee hapa kambini ambao wana presha, dawa ya presha ikiisha wanasema, si kitu, nina aspirini. Jamani, aspirini haishushi presha hata kidogo. Presha ikiwa juu na aspirini ikiwa ndani, ndo unaukaribisha ule wa kupasuka. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2005 ulikuta watu 33 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha, na uliofuata wa 2014 na 2015 ukakuta 39. Ule wa kwanza ulionyesha pia kwamba katika wenye presha, kama 15 tu katika 100 ndio waliokuwa wanajua. Kupimwa mkono hapa kambini ni bure na hakuchukui hata dakika tano.

Na mzee mwenye afya, hana kiharusi, hana moyo, anataka kinga tu? Jibu lilikuja mwaka 2018. Wazee 19,114 wenye afya njema, wa Australia na Marekani, walio wengi wa miaka 70 na zaidi, nusu walipewa miligramu 100 za aspirini na nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya karibu miaka mitano, walioimeza hawakupungukiwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi cha maana, ila waliovuja damu vibaya walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo ukiona kidonge cha Babu kinamfaa Babu, usimpelekee baba mkwe wako zawadi.

Kimbunga Kenneth kilipotupiga Aprili 2019, paa liliondoka lakini mkebe wa dawa ulipatikana mchangani. Mwaka 2020 ilikuwa tofauti. Hatutasimulia mengi, kila nyumba hapa ina yake. Tulitoka Quiterajo usiku, tukalala visiwani, tukaingia Pemba kwa boti kupitia pwani ya Paquitequete mwezi wa Oktoba, pamoja na maelfu ya wengine waliofika wiki zile zile. Dawa za Babu zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kiunoni mwa Bibi, na maji ya chumvi yaliingia. Zikawa unga. Babu alikaa zaidi ya wiki mbili bila kitu. Kumbukeni ile hesabu ya siku saba hadi kumi: chembe zake zote zilikuwa mpya tayari, na mishipa ni ile ile mibovu. Alhamdulillahi hakupatwa. Lakini tangu siku ile karatasi ya dawa tumeiandika mara tatu, moja kwa Bibi, moja kwa mtoto mkubwa, na moja imeshonewa ndani ya kofia yake. Dawa zinaweza kulowa zikaisha. Karatasi ndiyo inayokufanya upewe nyingine pasipo kuanza upya.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe, ambacho kilitokea hapa kambini.

Babu ana magoti. Kulala chini kwenye unyevu kulimzidishia. Jirani yetu mmoja, mtu mwema kweli, akamletea kutoka sokoni vidonge vya manjano, hakuna boksi, hakuna jina, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Goti likapoa siku ya pili. Babu akafurahi, akaendelea, kimoja asubuhi kimoja jioni, juu ya AAS yake. Kama wiki mbili hivi zilipita. Akaanza kuchoka. Akisimama, kizunguzungu. Akipanda kutoka bombani anakaa njiani mara mbili. Uso ukawa kama majivu. Watu wakasema ni chakula kidogo, wengine wakasema ni huzuni ya nyumbani.

Nesi alipomwona aliuliza swali moja tu la kwanza. "Mzee wangu, choo chako kina rangi gani?"

Babu akatazama pembeni. "Mwanangu, hayo si maneno ya kuulizana mbele ya wakwe."

Tukatoka nje. Kumbe choo kilikuwa cheusi, cha kunata kama lami, siku nne au tano, naye amenyamaza kwa heshima yake. Msalani anakwenda peke yake, nani angeona? Vile vidonge vya manjano tulivipeleka, wakavitambua kuwa ni diklofenaki. Hiyo, na ibuprofeni, na ndugu zake wote wa dawa za viungo, zinachubua utando wa tumbo kama aspirini inavyouchubua, na zikikutana mbili ni moto juu ya moto. Utando ukichubuka, kidonda. Kidonda kikitoa damu, chembe sahani zinaitwa kuja kukalafati, na zenyewe zimeshanyamazishwa na aspirini. Ibuprofeni ina ubaya mwingine wa siri: ukiitanguliza, inakaa mahali pa aspirini kwenye zile chembe, aspirini ikija inakuta kiti kimekaliwa, na kinga inapotea. Unapata hasara ya zote mbili.

Babu alipelekwa hospitali akaongezwa damu. Kijana wetu wa pili alitoa chupa moja, na ndugu wa yule jirani alitoa nyingine. Jirani mwenyewe alilia. Hakuna aliyemlaumu, tuliseme hili wazi, maana kuna watu walitaka kuleta maneno.

Baada ya hapo ukaja ugomvi wa ndani. Baba mdogo alisema kidonge hiki kimetaka kumwua mzee, kitupwe. Bibi naye alikuwa upande huo. Na sisi wengine tulielekea huko huko, kwa sababu damu tuliiona kwa macho na kiharusi cha pili hatujakiona. Daktari alisikiliza, akatueleza jaribio dogo la Hong Kong lililochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 156 waliokuwa wakitumia aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi walitokwa na damu ya vidonda vya tumbo kama Babu. Wote walitibiwa kidonda na kupewa dawa ya kupunguza asidi. Nusu wakarudishiwa aspirini mara moja, nusu wakanyimwa kwa wiki nane. Waliorudishiwa walivuja tena zaidi, kama 10 katika 100, na walionyimwa kama 5. Mpaka hapo Baba mdogo alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Lakini katika wiki hizo nane, waliokufa upande wa aspirini walikuwa kama 1 katika 100. Upande wa walionyimwa, kama 13.

Baba mdogo aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Watu 156 ni wachache, daktari mwenyewe alisema hivyo, na uamuzi ni wa kila mgonjwa na hali yake. Lakini kwa Babu, ambaye kiharusi cha kuziba amekipata kweli, ilikatwa hivi: diklofenaki marufuku, kidonda kitibiwe, damu ikishasimama AAS irudi baada ya siku chache, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Kwa goti apewe paracetamoli na maji ya moto. Babu analalamika kwamba paracetamoli ni ya watoto. Anaimeza.

Tuseme kidogo juu ya dawa nyingine, maana kuna familia mbili tatu hapa zina mtu anayetumia klopidogreli. Nayo inazinyamazisha chembe sahani kwa njia nyingine, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Wanapewa ambao hawaiwezi aspirini, au waliowekewa kijibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo kama kule Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na hao huwa wanatumia zote mbili kwa miezi. Huyo asiache hata moja pasipo daktari wake, kijibomba kinaweza kuziba ghafla. Na omeprazoli, ambayo ni rafiki kwa Babu, inaipunguzia klopidogreli nguvu. Kwa hiyo wenye klopidogreli waulize wapewe dawa gani ya tumbo.

Mwenye pumu naye aulize kabla, wako ambao aspirini inawabana kifua papo hapo.

Wazazi, watoto wa homa wasipewe aspirini, hata kipande. Kuna ugonjwa wa ini na ubongo unaoitwa Reye, hutokea mara chache lakini unaua, na umehusishwa na aspirini kwa watoto wenye homa za virusi. Sababu nyingine ni ya hapa hapa kwetu: mwaka 2014 homa ya denge ilizuka Pemba na Nampula, na mwaka huo huo Dar es Salaam. Denge inazipunguza zile chembe sahani zenyewe. Ukiongeza aspirini au ibuprofeni, mgonjwa anatokwa na damu fizini, puani, tumboni. Homa ya mbu huijui ni malaria au denge mpaka ipimwe, kwa hiyo ni paracetamoli, kwa mkubwa na mdogo.

Kina mama wajawazito wamesikia wenzao wakipewa aspirini ndogo kliniki, na kuna aliyeitupa akidhani ni makosa. Si makosa. Anayeonekana yuko hatarini kupata kifafa cha mimba hupewa mapema, kabla ya wiki ya 20. Na jaribio moja lililochapishwa mwaka 2020, la karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza katika nchi sita, Kenya na Congo zikiwemo, lilionyesha kwamba aspirini ndogo ilipunguza kidogo kuzaa kabla ya wakati. Lakini ni ile ya kliniki, kwa kipimo cha kliniki. Halafu wao wanakunywa vidonge vya kuongeza damu, na hivyo hufanya choo kiwe cheusi bila hatari yoyote. Msiogopeshane bure, ila mkiwa na shaka ulizeni.

Ramadhani Babu anameza yake baada ya futari, akiwa na kitu tumboni. Anayetaka kuumikwa chuku amwambie fundi kwanza kwamba anatumia dawa hizi, na anayekwenda kung'olewa jino amwambie wa meno. Asiache kidonge kwa akili yake. Ashauriwe.

Siku hizi wengine wamerudi kwenye vijiji vya Macomia, wengine wamerudi wakakimbia tena, kama baada ya mji wenyewe kuvamiwa Mei 2024. Babu kila msimu anataka Quiterajo. Anasema minazi haijamsahau. Juzi alikwenda kuchukua dawa, akakaa mbele ya nesi, na hakuuliza habari za barabara wala za askari. Aliuliza, "Binti yangu, ukinihurumia sana, unaweza kunipa vya miezi mingapi?"

Nesi akasema kwa sasa ni mwezi mmoja mmoja.

Babu akahesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, akavisaidia vya kushoto kufunguka, akachukua mkebe wake akarudi nyumbani. Alituambia kwamba safari bado.